Kauboi, mjane na shamba la Molo

Nina mazoea ya kununua riwaya za mapenzi kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba, na siku hizi nyingi ninazozipata ni za makauboi wa Marekani. Kisa ni kilekile. Mwanamke amefiwa na mume, amebaki na ng'ombe, ranchi na madeni. Anatokea kauboi mwenye kofia pana na maneno machache, naye ana msiba wake. Wanatengeneza ua uliobomoka, wanakesha na ng'ombe anayezaa, na ukurasa wa mwisho unawakuta wameoana. Muda wote huo kinachomzuia mjane ni moyo wake tu: anaona kupenda tena ni kumsaliti marehemu.

Kwetu Kenya, kisa hiki kingeweza kutokea Molo. Mji huo wa kaunti ya Nakuru uko juu milimani, kwenye baridi kali, na watu wake wanaishi kwa kondoo, maziwa, viazi na pareto. Muziki wa kantri una wapenzi wengi huko bara. Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis, amejipatia jina kwa muziki huo na kofia yake ya kauboi. Misiba nayo imekuwa mingi. Molo iliumia kwenye mapigano ya kikabila ya 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kisha tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lililopinduka Sachang'wan, karibu na Molo, lilishika moto na kuua watu zaidi ya 100.

Lakini mjane wa Molo akimpata kauboi wake, moyo si kikwazo pekee. Kuna shamba.

Tuseme mume amefariki bila kuacha wasia. Ameacha mke, watoto watatu na ekari mbili zenye hati miliki kwa jina lake. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inasema katika kifungu cha 35 kwamba mke anachukua vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa. Shamba anapewa kulitumia maisha yake yote, si kulimiliki, na hawezi kuliuza bila idhini ya mahakama. Akiolewa tena, haki hiyo ya kulitumia inakoma na shamba linawaendea watoto. Kama hakujaliwa mtoto, sehemu kubwa inarudi kwa wazazi wa marehemu, na wasipokuwepo, kwa ndugu zake.

Mume aliyefiwa na mke hana sharti hilo. Anaweza kuoa kesho na shamba akaendelea kulilima.

Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia, na wapo majaji wa Mahakama Kuu waliokikataa kifungu hicho kwa sababu hiyo. Ila mjane asiye na wakili hafiki kwa jaji. Anafika kwa mashemeji na wazee, na huko anaambiwa kwamba akiolewa, afungashe. Ndiyo maana mwingine huamua kuishi na mwanamume bila kuandikisha ndoa. Huyo wa pili naye akifariki, mama anaanza kutafuta mashahidi wa kuthibitisha kwamba alikuwa mke.

Sisi wa Pwani tuna cha kulinganisha. Mirathi ya Waislamu haiko chini ya mgawanyo huo. Huamuliwa kwa sheria ya Kiislamu mbele ya Kadhi. Mjane anapata thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Fungu ni dogo, lakini ni mali yake. Akimaliza eda ya miezi 4 na siku 10, au akijifungua kama alikuwa mjamzito, anaweza kuolewa na hakuna wa kumpokonya. Mjane Mkristo wa Kaloleni au Taveta, kwa upande mwingine, yuko kwenye mashua moja na yule wa Molo.

Yapo ya kufanya mapema. La kwanza ni wasia: mume anaweza kuandika kwamba shamba, au sehemu yake, ni la mke moja kwa moja. La pili ni hati miliki ya majina mawili. Ikiandikishwa kwa umiliki wa pamoja usio na mafungu, mmoja akifa ardhi inakuwa ya aliyebaki, bila kusubiri mirathi. Mkiandikishwa kwa mafungu, fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi. La tatu, msiba ukishatokea, mjane aende mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Wakati huo akumbuke kwamba anayegusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria anatenda kosa, hata awe shemeji mkubwa. Na mashemeji wasisahau: palipo na watoto, mjane akiolewa shamba ni la watoto, si lao.

Mimi bado nasoma riwaya zangu, na bado nataka mjane apate mtu wa kumwekea kuni motoni. Ila kama wewe ndiye mjane, na kofia pana imeshaonekana getini, mwone wakili kabla hujamwona padri.