Gumboro: Maradhi ya Vifaranga Yasiyo na Dawa, Lakini Yenye Kinga



Wapenzi wasomaji, juma hili tunawaelekea dada zetu wa nyanda za juu za Kisii na Nyamira. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilizikuta kaunti hizo mbili zikiwa na watu zaidi ya 1,870,000, na mashamba yao yamegawanywa baina ya warithi kizazi baada ya kizazi hata yakawa vipande vidogo. Ng'ombe anataka malisho, na malisho yamepungua. Kuku, au engoko kama aitwavyo kwa Kigusii, hataki zaidi ya uwanja wa nyuma ya nyumba. Ndiyo maana amekuwa mali ya mwanamke: mayai hununua sabuni na sukari, jogoo hulipa ada ya shule, na vifaranga mia moja walionunuliwa kwa fedha za chama huwa ni matumaini ya kina mama wengi kwa pamoja.

Matumaini hayo yaweza kuzimika kwa muda wa juma moja. Vifaranga waliokuwa wakikimbilia chakula jana, leo wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, wanatetemeka, na wanahara maji meupe yanayogandamana na manyoya ya nyuma. Wengine hujidonoa sehemu ile ile ya haja. Siku ya tatu vifo huwa vingi, na baada ya siku tano hadi saba hupungua ghafla kama vilivyoanza. Mara nyingi maradhi haya ndiyo yanayoitwa Gumboro.

Jina hilo ni la mahali huko Delaware, Marekani, ambako ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Nasi watu wa Pwani tusidhani kwamba ni balaa la bara peke yake, kwani hapa Kenya uliripotiwa kwanza mwaka 1991, kwetu Kwale.

Unavyomdhuru kifaranga

Kirusi cha Gumboro huingia kwa mdomo, katika chakula na maji yaliyochafuliwa na kinyesi, kikapita matumboni, kisha kikaelekea kwenye kifuko kidogo kilichoko juu ya tundu la nyuma la kuku. Ndani ya kifuko hicho ndimo askari wa mwili wa kifaranga wanamofunzwa kazi. Kirusi huwaua askari hao wangali wanafunzi.

Hapa pana jambo ambalo wafugaji wengi hawalitambui. Kifaranga wa wiki tatu hadi sita ndiye anayeonekana kuugua na kufa. Lakini aliyeambukizwa kabla ya wiki tatu huweza asioneshe dalili yoyote, akakua, huku kinga ya mwili wake imekwisha haribika. Kuku huyo akichanjwa baadaye dhidi ya kideri, chanjo haishiki vyema. Mama hulalamika kwamba aliuziwa chanjo mbovu, kumbe mwizi alipita mapema na kuacha mlango wazi.

Si kila mharo ni Gumboro

Vifaranga huhara kwa sababu nyingi, na kila sababu ina njia yake. Mharo wenye damu mara nyingi ni wa vimelea vya matumbo vinavyostawi katika maranda mabichi, na huo una dawa. Mharo mweupe katika wiki mbili za mwanzo huweza kuwa wa bakteria waliotoka kwa mtetea kupitia yai. Mharo wa kijani pamoja na shingo kupinda humwelekeza mtu kwenye kideri, ambacho hakichagui umri. Viko pia virusi vya matumboni, kama vya jamii ya rota na astro, ambavyo huwafanya vifaranga wachanga wadumae, mmoja mkubwa na mwenzake mdogo ilhali walianguliwa siku moja.

Jina la rota si geni kwa kina mama, kwa kuwa watoto wetu wamekuwa wakichanjwa dhidi yake nchini Kenya tangu mwaka 2014. Virusi vya kuku ni jamaa za vile vya watoto, na chanjo ya mtoto haimfai kifaranga. Gumboro nayo haimwambukizi mwanadamu. Hata hivyo kinyesi cha kuku hubeba bakteria wanaoharisha watu, basi watoto waoshe mikono kwa sabuni kila watokapo bandani.

Kwa kuwa macho peke yake hudanganya, afadhali kifaranga mmoja aliyekufa karibuni, akiwa amefungwa ndani ya mifuko miwili, apelekwe kwa daktari wa mifugo apasuliwe. Madoa ya damu katika misuli ya mapaja na kifua, na kifuko kilichovimba, humwonesha daktari njia. Kukimbilia dukani kununua antibayotiki kwa kubahatisha ni kupoteza fedha mara mbili: dawa hiyo haiui kirusi, na mabaki yake hubaki katika nyama na mayai tunayowalisha watoto wetu.

Kinga na namna yake

Chanjo ya Gumboro ipo, na kwa kawaida hutolewa katika wiki ya pili, ikarudiwa kabla ya kifaranga kumaliza mwezi. Siku zenyewe apange daktari. Sababu ni kwamba kifaranga hurithi kinga kutoka kwa mama yake kupitia yai. Chanjo ikitangulia mno, kinga hiyo ya urithi huiua. Ikichelewa, kirusi huitangulia. Ulizeni basi mnapoagiza vifaranga: je, mitetea waliotaga mayai hayo walichanjwa?

Chanjo hii ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na joto hukiua. Isafirishwe ndani ya chombo chenye barafu tangu dukani hadi nyumbani, hata kama safari ni ya kutoka mjini Kisii hadi Keroka tu. Maji ya kuichanganyia yasiwe na klorini, na chombo kiwe cha plastiki. Kijiko cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta kikitangulia kukorogwa katika maji huihifadhi. Vifaranga wanyimwe maji kwa saa moja au mbili, kisha wapewe maji ya chanjo wayamalize ndani ya saa mbili. Kwa kuwa chupa moja huwa na dozi nyingi na ikifunguliwa haiwekwi, majirani wa chama wapange siku moja ya kuchanja, kila mmoja achukue fungu lake.

Baridi nayo ni adui. Mji wa Kisii uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na usiku wa mvua huko humdhoofisha kifaranga kabla ya ugonjwa wowote. Wiki ya kwanza ahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha lipunguzwe kidogo kidogo. Anayetumia jiko la makaa aache tundu la hewa, maana moshi wake huua vifaranga na watu.

Kirusi cha Gumboro huishi bandani zaidi ya miezi mitatu, hata likiwa tupu. Kwa hiyo maranda ya zamani yaondolewe yote, banda lioshwe kwa sabuni ndipo litiwe dawa ya kuua vijidudu. Viatu vya bandani visitoke, na vya sokoni visiingie. Magunia na trei za mayai za kuazimana hubeba maradhi toka boma hadi boma.

Amana ya mfugaji

Ugonjwa ukiingia, wengi hukimbilia kuuza upesi kabla hasara haijazidi. Tunajua uchungu wa mtaji unaopotea. Lakini dini yetu imekataza kuficha kasoro ya bidhaa, na mnunuzi wa vifaranga hao ni mama mwingine mwenye chama chake na madeni yake. Kuku aliyekufa mwenyewe ni nyamafu, haliwi wala hauzwi. Azikwe chini sana au achomwe, asitupiwe mbwa, wala asitupwe katika mto Gucha ambao wengine wanauteka maji.

Basi dada zetu, kabla ya kulipia vifaranga wapya, hakikisheni mambo matatu: banda limeoshwa na kupumzishwa, siku za chanjo zimeandikwa ukutani, na aliye na barafu ameshapatikana. Kisha mtegemeeni Mwenyezi Mungu, naye ndiye mwenye kuruzuku.