KIMIHURURA: MJI NA SANAA ZAKE

Askari aliye zamu kwenye kilima cha Kimihurura, mjini Kigali, huona majengo mawili yasiyofanana hata kidogo. La kwanza ni Bunge la Rwanda, ambalo ukuta wake una matundu ya risasi na mizinga ya mwaka 1994. La pili ni jumba la mikutano lililofunguliwa mwaka 2016, na kuba lake limeigwa kutoka nyumba ya msonge ya mfalme kule Nyanza. Mwenye kutaka kujua jinsi mji unavyounda utamaduni na aanzie hapo.

Kabla ya Kigali palikuwa na Nyanza. Baraza la wafalme wa Rwanda lilikuwa likihama kilima hadi kilima, likatulia Nyanza mwaka 1899. Barazani walikusanyika watunzi wa mashairi ya kusifu wafalme na ng'ombe, pamoja na vijana wa itorero, waliofunzwa vita na ufasaha kwa pamoja. Jambo hili lawahusu hasa wanajeshi. Ngoma ya intore, ambayo leo huchezwa harusini na mbele ya wageni, asili yake ni ya wapiganaji. Na kila shujaa alikuwa na icyivugo chake, yaani majigambo aliyoyatunga mwenyewe na kuyasema hadharani. Mkuki peke yake haukutosha.

Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, daktari aliyekuwa pia mwandishi. Ulibaki mji mdogo mpaka Uhuru wa mwaka 1962 ulipoufanya makao makuu. Tangu hapo sanaa ikafuata redio, shule na wanunuzi. Chukua mfano wa imigongo, nakshi za samadi ya ng'ombe zilizopamba kuta za nyumba huko Gisaka, mashariki ya nchi. Mnunuzi wa mjini hawezi kubeba ukuta. Kwa hiyo nakshi zikahamia kwenye vibao vya kutundika. Zimepoteza nyumba yao, lakini zimepata soko, na ustadi haukufa. Kiswahili nacho, kilichokuwa lugha ya mitaa kama Nyamirambo, kikawa lugha rasmi mwaka 2017.

Lakini mji hauhifadhi nyimbo na nakshi tu. Desemba 1993, kufuatia Mapatano ya Arusha, askari 600 wa RPF waliwekwa katika jengo lile la Bunge. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, jengo lilipigwa mizinga, nao wakatoka kupigana na kuokoa watu. Vita vilipokwisha, fundi mwashi angeweza kuziba matundu yale kwa mifuko michache ya saruji. Yaliachwa. Mwaka 2017 jumba la makumbusho lilifunguliwa humo humo, na juu ya paa ikasimama sanamu ya askari na bunduki yao ya rashasha, ikiutazama mji.