Kipya Kinyemi: Maana Tatu za "Gari Jipya" katika Mijadala ya Wapenzi wa Magari Nchini Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii huonekana wazi hadi pale wapenzi wa magari nchini Kenya wanapojadili ni lipi hasa lililo jipya. Mmoja husifu gari lililotoka kiwandani juzi. Mwenzake hulibeza kwa hoja kwamba umbo lake ni la zamani. Wa tatu naye huliita jipya gari lililoshushwa melini Mombasa na kupewa nambari mpya ya usajili, ilhali limekwisha kutumika Japani kwa miaka saba. Wote watatu hutumia kivumishi kimoja. Makala haya yanafafanua maana tatu za kivumishi hicho, na kuonyesha kwamba nyuma yake mna swali zito la kiuchumi: ni maoni ya nani yanayosikika kiwandani?

Enzi ya Maana Moja

Zamani maana hizo zilikaribiana mno. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza 1953, yaliwaletea Wakenya matoleo mapya ya magari hadi mlangoni. Mitsubishi Lancer ilizinduliwa 1973. Mwaka uliofuata Joginder Singh aliiendesha na kutwaa ushindi, kisha akaurudia 1976. Datsun 240Z ilishinda 1971 na 1973, nayo Peugeot 504 ikatamba 1975 na 1978. Vumbi la Afrika Mashariki na matope ya masika vilikuwa mtihani ambao viwanda vya Japani na Ulaya viliuthamini, kwa kuwa gari lililoufaulu lilipata sifa ya kutangazwa kote duniani.

Katika muongo huohuo, viwanda vya kuunganisha magari vilianzishwa Nairobi, Thika na Mombasa. Peugeot 504 iliendelea kuunganishwa nchini hata baada ya uundaji wake kukoma Ufaransa. Gari jipya, basi, lilikuwa lile ambalo halijawahi kumilikiwa. Mpenzi wa magari alitoa hukumu yake kwa kutazama barabara ile ile ambayo mtengenezaji naye aliitazama.

Ujio wa Mtumba

Hali ilibadilika soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990. Neno "mtumba", ambalo awali lilitaja robota, kisha nguo zilizotumika, lilipanuka kimaana likayakumba magari. Japani ilikuwa chimbuko mwafaka. Huko, kama Kenya, magari huendeshwa upande wa kushoto wa barabara. Aidha, ukaguzi wa lazima, ambao kwa gari la kibinafsi huanza baada ya miaka mitatu na kurudiwa kila miaka miwili, huwa na gharama inayowashawishi wengi kuuza mapema.

Kenya nayo iliweka mpaka. Kiwango cha KS 1515:2000 hakiruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotimiza miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa mfano, kuanzia Januari 2025 yalikubaliwa yale tu yaliyosajiliwa 2018 au baadaye. Kwa hiyo toleo linalozinduliwa Tokyo leo huwa gumzo la kweli mitaani Nairobi miaka kadhaa baadaye, bei yake ishukapo. Hapo ndipo ilipozaliwa maana ya pili: jipya kwa usajili. Kwa majirani, herufi za nambari ya gari husema mengi kuliko mwaka wa kuundwa kwake.

Maana ya tatu, jipya kwa toleo, ilijitokeza bayana Desemba 2016, Volkswagen ilipoanza kuunganisha Polo Vivo mjini Thika. Gari hilo lilikuwa jipya kwa umri, lakini umbo lake lilikuwa la kizazi cha nne cha Polo, kilichoanza 2001. Kizazi cha tano kilikuwa kimetoka 2009. Mnamo 2017, basi, Polo ya mtumba iliyosajiliwa 2010 iliweza kuwa kuukuu kwa umri na bado ikawa ya kizazi kipya kuliko ile iliyotoka Thika siku hiyo. Mabishano yaliyofuata hayakuwa ya ushabiki mtupu. Kila upande ulikuwa na "jipya" lake.

Maoni Yasiyofika Kiwandani

Tofauti hizi huathiri vigezo vya kuhukumu. Mnunuzi wa kwanza huko Japani huuliza kuhusu kodi, nafasi ya kuegesha na starehe. Mkenya anayelinunua gari hilohilo miaka saba baadaye huuliza kama vipuri vinapatikana, kama tumbo la gari litakwaruza matuta, na kama fundi wa jua kali ataweza kulitengeneza bila tarakilishi ya kusoma hitilafu. Ndiyo maana magari ya mseto, yatumiayo petroli na umeme, husifiwa kwa kubana mafuta lakini hutiliwa shaka kwa sababu ya bei ya betri.

Toyota Probox ni kielelezo kizuri. Ilizinduliwa 2002 kwa ajili ya makampuni ya Japani yanayosafirisha bidhaa ndogondogo. Nchini Kenya imekuwa teksi ya mashambani na mbebaji mashuhuri wa miraa kutoka Meru. Sifa inazopewa huku hazikuwa katika hesabu ya waliouchora mchoro wake. Vivyo hivyo, Toyota ilipoliacha jina Vitz mwaka 2020 na kutumia Yaris hata nchini mwake, ilitazama soko lake la magari mapya. Kadiri miaka inavyosonga, kanuni ya miaka minane itaifungia Vitz mlango wa Kenya.

Juhudi za kujenga gari kwa vigezo vya Kenya zimekuwapo. Mradi wa Nyayo Pioneer, uliokabidhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi 1986, ulizaa magari ya majaribio yaliyozinduliwa 1990, lakini hayakufika sokoni. Mobius iliunda gari gumu lisilo na madoido kwa ajili ya barabara mbovu. Hata hivyo, Agosti 2024 ilitangaza kufunga shughuli zake kabla ya kupata mnunuzi. Washindani wake hawakuwa magari mapya pekee, bali pia mtumba ulioheshimika zaidi machoni pa majirani.

Hitimisho

Imebainika kwamba "gari jipya" laweza kuwa jipya kwa umri, kwa usajili au kwa toleo. Anayetaka kuuelewa mjadala wa wapenzi wa magari hana budi kwanza kuuliza ni maana ipi inayokusudiwa. Hata hivyo, ufafanuzi wa kisemantiki hauondoi ukweli kwamba kiwanda humsikiliza anayekilipa. Pesa za mtumba humfikia muuzaji wa magari kuukuu, si mchoraji wa toleo lijalo. Maadamu Mkenya ni mmiliki wa pili au wa tatu, ujuzi wake, hata ukiwa mkubwa kuliko wa mmiliki wa kwanza, utabaki kuwa hukumu inayotolewa baada ya kesi kwisha.