Mkono Unaoandika Ndani ya Virusi vya Ebola

Ugonjwa wa Ebola ulipoingia Kivu Kaskazini na Ituri mwaka 2018, ulidumu karibu miaka miwili: watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa. Tangu siku zile makatekista wanatuuliza: kitu kidogo namna hii, kisicho na kinywa wala mikono, chawezaje kujaa mwili wa mtu kwa siku chache? Na kwa nini waganga wa hospitali walileta dawa nne, kiisha wakaziacha mbili? Yafaa tujibu vizuri, kwa maana uvumi ulikuwa mwingi wakati ule, hata wengine wakaikimbia hospitali wakafia nyumbani.

Kwanza tusahihishe neno moja. Si kweli kwamba virusi havina mkono. Vinao mmoja, nao ndio habari yetu. Wataalamu wanauita polimerasi.

Maagizo ya mwili wetu yameandikwa katika ADN. Seli hunakili sehemu ya ADN kwa ARN, na ARN hiyo ni kama barua inayopelekwa kwa mafundi wa seli, nao huisoma na kuunda protini. Lakini seli ya mtu haina mwandishi wa kutwaa ARN ya virusi hivi na kuinakili kuwa ARN nyingine. Hapana budi virusi vijipatie mwandishi wao wenyewe.

Kuna namna mbili. ARN ya virusi vya polio yasomeka mara moja: ikiisha kuingia katika seli, mafundi huisoma kama barua ya nyumbani, na polimerasi huundwa papo hapo. ARN ya Ebola siyo hivyo. Tazameni muhuri wa parokia: herufi zake zimechongwa kinyume, wala hazisomeki vema mpaka muhuri ugongwe kwenye karatasi. ARN ya Ebola ni muhuri wa namna hiyo. Vile vile ARN ya surua na ya kichaa cha mbwa. Na muhuri bila mtu wa kuugonga ni kipande cha mpira tu. Basi virusi hivi husafiri na mgongaji wao ndani ya mzigo. Mwaka 1970 David Baltimore, Alice Huang na Martha Stampfer walionyesha jambo hili katika virusi vingine vyenye ARN ya kinyume, vinavyowatia ugonjwa ng'ombe na farasi.

Tuliposema mkono, hatukusema kwa kupamba maneno. Mwaka 1997 wataalamu walipata kuliona umbo la polimerasi ya polio kwa miale ya X: ina kiganja, vidole na dole gumba, kama mkono wa kuume uliokunjwa kidogo. ARN ya kunakiliwa hupita kati ya vidole na dole gumba. Herufi mpya huingia kwa kitundu, moja moja: palipo A huwekwa U, palipo G huwekwa C, na kinyume chake. Katika kiganja kuna chembe mbili za magnesiamu, nazo husaidia kuunga kila herufi mpya na ile iliyotangulia.

Polimerasi ya Ebola huitwa L, nayo ni protini kubwa, yenye asidi amino zaidi ya 2,200. Sura yake, ikiwa imeshikamana na msaidizi wake VP35, ilionekana wazi mwaka 2022 tu. Kando ya mkono ina sehemu nyingine yenye ujanja wa ajabu: huvika kila barua kofia kichwani, kusudi seli idhani ni barua yake yenyewe.

Urithi wa Ebola una herufi karibu 19,000, nazo ni maagizo saba kwa mstari mmoja. L huanzia upande mmoja. Mwisho wa kila agizo husimama, na mara nyingine huachilia kabisa, ikapaswa kurudi mwanzoni. Basi agizo la kwanza hunakiliwa mara nyingi sana, la saba mara chache. La kwanza ni NP, protini inayofunika ARN yote, nayo yahitajiwa kwa wingi. La saba ni L yenyewe, na chache zatosha. Mpangilio wenyewe ndio hesabu! Tulipousoma mara ya kwanza tulifunga kitabu tukakaa kimya kidogo.

Lakini mwandishi huyu hana msahihishaji. Virusi vya korona, vyenye urithi mrefu wa herufi karibu 30,000, vina protini ya kufuta makosa, Ebola haina. Makosa hubaki, na wataalamu huyahesabu ili kujua ugonjwa umetoka wapi.

Sasa turudi kwenye dawa. Remdesivir ni herufi ya uongo inayofanana na A. L huipokea, huandika nyingine chache, kiisha hukwama. Tangu Novemba 2018 hadi Agosti 2019, wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walipewa moja ya dawa nne. Katika siku 28, kwa kila wagonjwa mia wa remdesivir walikufa 53. Kwa ZMapp 50. Kwa mAb114 35. Kwa REGN-EB3 karibu 34. Hizi tatu za mwisho ni kingamwili: huvikamata virusi kabla havijaingia katika seli. Remdesivir hungoja ndani, mahali mkono umekwisha kuanza kuandika. Na mAb114 ilitoka katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit, mwaka 1995. Wazo la kuukwamisha mkono si baya, kwa kuwa remdesivir ilikubaliwa Marekani mwaka 2020 kwa Kovidi; ila kwa Ebola kuufunga mlango kulishinda.

Twaongeza neno juu ya waliopona. Virusi vyaweza kujificha muda mrefu katika jicho au katika mbegu za kiume. Guinea, mwaka 2021, ugonjwa ulirudi, na ARN yake ilikuwa karibu sawa na ile ya miaka 2014 hadi 2016: makosa machache mno, yaani mkono ulikuwa kama umelala. Ndiyo sababu waganga huwapima wanaume waliopona, na kuwaonya juu ya tendo la ndoa. Lakini kusalimiana nao, kula nao, kuketi nao kanisani hakuna hatari. Huko Beni na Butembo waliopona ndio waliowabeba na kuwalisha watoto ambao mama zao walikuwa wagonjwa, kwa sababu miili yao ilikuwa imekwisha kumjua adui.