Almadén: Historia ya Machimbo ya Zebaki na Suala la Urithi wa Madini katika Mkoa wa Ciudad Real, Hispania

Makala haya yanafafanua historia ya machimbo ya zebaki ya Almadén, katika mkoa wa Ciudad Real nchini Hispania, na kuhoji ni nini hasa kinachohifadhiwa pale machimbo yanapofungwa na kuitwa urithi. Msomaji wa Kiswahili yuko karibu na mji huo kuliko anavyoweza kudhani. Jina Almadén limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya machimbo, ambalo ndilo asili ya neno letu madini. Nalo neno zebaki lina nasaba moja na azogue, jina la kale la Kihispania la metali hiyo.

Zebaki ya Almadén hupatikana ndani ya sinabari, jiwe jekundu ambalo ni muungano wa zebaki na salfa. Warumi walilithamini hasa kwa rangi yake. Pliny anaeleza kwamba madini ya Sisapo, mji ambao magofu yake yako La Bienvenida katika mkoa huohuo, yalisafirishwa hadi Roma yakiwa yametiwa muhuri.

Thamani ya metali yenyewe ilipanda katika karne ya 16. Mnamo miaka ya 1554 na 1555, huko Pachuca, Meksiko, Bartolomé de Medina aliendeleza mbinu ya kutenga fedha kwa zebaki: mawe ya fedha husagwa, huchanganywa na maji, chumvi na zebaki, kisha zebaki hunasa fedha. Mchanganyiko huo ukipashwa moto, zebaki hugeuka mvuke na fedha hubaki. Hivyo basi, aliyemiliki zebaki alishika ufunguo wa fedha ya Amerika, na Ufalme ukaifanya biashara hiyo kuwa yake peke yake. Uchimbaji wenyewe ulikodishwa kwa akina Fugger, matajiri wa Augsburg, kuanzia 1525 hadi 1645. Inafaa kutaja kwamba tanuri mpya zilizojengwa Almadén mwaka 1646 zilifuata ubunifu uliotoka Huancavelica, Peru; yaani, koloni ndilo lililoufundisha mji wa dola, jambo ambalo simulizi nyingi za teknolojia hulipita kimyakimya.

Swali gumu zaidi ni la nguvukazi. Kuanzia mwaka 1566, wafungwa ambao wangepelekwa kuvuta makasia katika merikebu za kifalme walipelekwa Almadén, na pamoja nao walifanya kazi watumwa. Mwaka 1593 Mateo Alemán, ambaye baadaye alipata umaarufu kama mwandishi wa riwaya, alitumwa kukagua hali zao na kuwahoji wafungwa wenyewe. Mvuke wa zebaki hushambulia neva: mikono hutetemeka, fizi huoza, akili huvurugika. Kwa maoni ya mtafiti huyu, mahojiano hayo ni urithi wenye uzito kuliko tanuri yoyote, kwa sababu ndani yake anayesema ni mchimbaji, si mhasibu.

Uchimbaji ulikoma mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulianza kupiga marufuku usafirishaji wa zebaki nje ya mipaka yake, na mwaka 2012 Almadén, pamoja na Idrija ya Slovenia, iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Zebaki yenyewe haijaingia makumbusho: wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania wangali wakiichanganya na mchanga wenye dhahabu na kuichoma kwa kanuni ileile ya kunasa na kuvukiza, mara nyingi bila kinga.

Miongoni mwa majengo yaliyohifadhiwa ni Hospitali ya Kifalme ya San Rafael na uwanja wa mapigano ya mafahali wenye pande sita, yote ya karne ya 18. Gereza la wafungwa hao, lililojengwa katika karne hiyohiyo, lilibomolewa katika karne ya 20, na shule ya ufundi ikajengwa mahali pake. Kilichosalia ni njia ya chini ya ardhi iliyounganisha gereza na machimbo, ambayo ilimwezesha mfungwa kwenda kazini na kurudi bila kuliona jua. Leo wageni hushuka mita 50 hivi na kuoneshwa njia hiyo.