Mtambo wa Maziwa Ukijizima, Tusikimbilie Gesi

Vikundi vya maziwa huko Borabu, Keroka na kwingineko Kisii na Nyamira vinajua uchungu wa tangi la kupozea kujizima saa nne asubuhi, na tangi lenyewe limejaa. Maziwa hutoka kwa ng'ombe na joto la nyuzi kama 37. Yanatakiwa kushuka hadi nyuzi 4 kwa muda wa saa tatu au nne hivi. Yasiposhuka, mnunuzi atayapima na kuyakataa, na hasara ni ya mwanakikundi aliyeamka gizani kukamua.

Fundi akiitwa, mara nyingi neno lake la kwanza ni hili: "Gesi imeisha, leteni pesa." Pengine ni kweli. Lakini ikiwa kilichozima mtambo ni swichi ya presha ya juu, neno hilo halisimami. Gesi ikipungua, presha hushuka, haipandi. Kuongeza gesi kwenye mtambo ambao presha yake tayari imezidi ni sawa na kumpandishia punda gunia la pili wakati ameshalala chini.

Hebu tueleze jinsi mtambo unavyofanya kazi. Hauumbi baridi. Kazi yake ni kuchukua joto lililo kwenye maziwa na kulitupa nje. Kompresa hufyonza gesi iliyobeba joto hilo, huikandamiza, na kuisukuma kwenye kondensa, yaani ule wavu wa mabomba na vibati vyembamba ulio mbele ya feni. Hapo gesi hutoa joto lake kwa hewa na kugeuka maji. Joto likikosa pa kwenda, presha hupanda. Mashine za kupoza nyumba kule Mombasa na Kisumu hufanya kazi vivyo hivyo. Huku kwetu jioni tunatafuta sweta, kwa hiyo mashine hizo hatuna haja nazo, lakini ugonjwa ni mmoja.

Basi kabla ya kumwita mtu, zimeni stima kwenye swichi kuu, mkaangalie kondensa. Mwezi wa Januari na Februari vumbi la barabara huingia humo, pamoja na makapi ya mahindi, manyoya ya kuku na masizi kama kuna jiko karibu. Yakishikana huwa kama blanketi. Safisheni kwa brashi laini mkifuata mistari ya vibati, wala msiikate mistari hiyo, maana vibati hulala na hewa haipiti tena. Maji yakitumika yawe ya kumwagwa polepole, na stima isirudishwe mpaka pakauke.

Halafu feni. Je, inazunguka kwa kasi yake? Inapuliza upande unaofaa? Kwenye mtambo wa fezi tatu, waya zikiunganishwa upya baada ya nguzo kuanguka, fezi zinaweza kubadilishana na feni ikazunguka kinyume. Utaiona inazunguka vizuri kabisa, kumbe hewa inayopita ni kidogo sana.

Na chumba chenyewe, jamani! Kwa kuogopa wezi tunaziba madirisha kwa mbao, juu ni mabati matupu, na magunia tunayapanga mbele ya feni. Hewa moto inayotoka kwenye kondensa inazunguka na kurudi palepale. Dirisha la vyuma na wavu huzuia mwizi na kuacha hewa ipite.

Jambo lingine ni maziwa mengi ya moto kumwagwa tangini kwa mara moja. Presha itapanda pande zote mbili, kisha itashuka kadiri maziwa yanavyopoa. Huo si ugonjwa, ila swichi ikikata kila asubuhi, pokeeni maziwa kwa mafungu.

Haya yote yakiwa sawa, sasa ni kazi ya fundi na geji zake. Mwanakikundi mmoja asimame naye. Geji nyekundu ndiyo ya presha ya juu. Ndani yake kuna duara za nyuzi za joto kwa kila aina ya gesi. Kwa kawaida nyuzi hizo huzidi joto la hewa ya chumba kwa 10 hadi 15. Hewa ikiwa nyuzi 25, geji isome kati ya 35 na 40. Kwa gesi ya R134a, nyuzi 40 ni kama pauni 130; kwa R404A ni kama pauni 250. Kwa hiyo fundi anayetaja presha ya kawaida kabla ya kusoma kibandiko cha gesi anabahatisha.

Presha ikibaki juu na kondensa ni safi, huenda gesi ilijazwa kupita kiasi kwa kukisia bila mizani, au hewa iliingia bomba lilipofunguliwa. Hewa haigeuki maji kama gesi, hukaa tu kwenye kondensa na kula nafasi. Kuipima si vigumu: kompresa izimwe, feni iachwe ipulize mpaka kondensa ilingane na joto la chumba. Kwa R134a, katika nyuzi 25, geji isome pauni 80 na kitu. Ikisoma 100, mna hewa ndani. Dawa yake ni kutoa gesi yote kwenye mtungi, kuvuta utupu kwa pampu, na kujaza upya kwa mizani. Kupunguza kidogo kwa kuachilia nje hakutoshi.

Mambo mawili msikubali hata fundi akiwa na haraka. La kwanza, kuunganisha waya ili kuiruka swichi ya presha. Swichi hiyo ndiyo inayolinda kompresa, na kompresa ni pesa nyingi. La pili, kutafuta tundu kwa kujaza oksijeni ya kuchomelea. Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka na kuua. Itumike naitrojeni, na yenye kidhibiti cha presha.

Wekeni daftari karibu na mtambo. Kama mtambo wenu una geji yake, andikeni kila Jumatatu tarehe, joto la chumba na presha. Siku mtakayoona hewa ni nyuzi 25 zilezile lakini presha imezidi ya mwezi uliopita kwa pauni 20 au 30, shikeni brashi kabla swichi haijakata.