Bonde la Theluji kwa Mgonjwa Aliyeungua

Mgonjwa aliyeungua moto huumia siku ya ajali, kisha huumia tena kila anapooshwa kidonda na kubadilishiwa bandeji. Dawa za jamii ya mofini humtuliza akiwa amelala kimya. Lakini muuguzi aanzapo kuondoa ngozi iliyokufa, mara nyingi dawa pekee hazitoshi. Nayo hofu ya maumivu ya jana huyazidisha ya leo.

Kwa ajili ya saa hiyo ngumu, wanasaikolojia Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walibuni pamoja na wenzao mchezo wa kompyuta uitwao SnowWorld. Mgonjwa huvaa miwani ya uhalisia pepe inayomziba macho asione beseni wala mkasi. Badala yake huona bonde lenye kuta za barafu, mto ukipita chini na theluji ikidondoka taratibu. Kandokando wamesimama pengwini na mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya. Kazi yake ni kuwarushia mipira ya theluji huku akielea bondeni.

Theluji haikuchaguliwa kwa uzuri wake tu. Wagonjwa wengi, kidonda kinapooshwa, hurudiwa na kumbukumbu ya kuungua. Mandhari ya baridi huwapeleka mbali na moto. Isitoshe, maumivu hayasikiki sawasawa bila umakini, na umakini wa binadamu una kikomo: ukishikwa na bonde, kidonda hubakiwa na sehemu ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwapima kwa mashine ya MRI watu wenye afya waliotiwa joto lenye kuumiza mguuni. Walipoingia mchezoni, shughuli katika sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu ilipungua.

Hata hivyo, mchezo ni msaidizi wa dawa, si badala yake. Baadhi ya watu hupata kizunguzungu au kichefuchefu; mwenye kifafa aulizwe kwanza; na miwani isafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuvaliwa na mwingine, kwa kuwa kidonda cha moto huambukizwa kwa urahisi.

Wodi isiyo na miwani hiyo haikosi njia. Mtoto na aulizwe anapenda kutembea wapi mchezoni: msituni, baharini au mlimani. Apewe simu au kishikwambi dakika chache kabla ya bandeji kufunguliwa, acheze mwenyewe badala ya kutazama tu, na mzazi amwulize anachokiona huko. Muuguzi naye ampe dawa ya maumivu kwa wakati, na asimamishe mikono mtoto anapoomba kupumzika. Maumivu huenda yasiishe, lakini mtoto hatabaki peke yake nayo.